UZI: Mbwa kaanguka ghafla alfajiri, Himbi, Goma. Mazuku (gesi nzito inayotoka ardhini), sumu ya panya au kupe? Na maziwa na mawese yanasaidia kweli?

#1 Himbi_Ziwani (Jumanne, saa 1:52 asubuhi)
Bandugu, jambo. Leo saa kumi na mbili mbwa wa parseli (kiwanja) ya jirani, dume wa kilo 25 hivi, miaka minne, amekutwa amelala ubavu karibu na shimo walilochimba mawe ya kujengea, upande wa ziwani. Macho wazi, ulimi nje, mate yanatiririka, pumzi za kuvuta kwa shida, ukimwita hasikii. Sentineli (mlinzi) na vijana wawili wakamburuta hadi barazani, wakamfungua kinywa na kummiminia maziwa nusu lita na vijiko vitatu vya mawese. Baada ya kama nusu saa akainua kichwa. Sasa hivi anasimama, ila anayumba. Parseli nzima inasema mawese yamekata sumu. Je, tuseme kila nyumba yenye mbwa iweke chupa ya mawese na maziwa ya unga, au kuna kitu kimetupita?

#2 Mfugaji_Ndosho (saa 2:05)
Kimewapita nini tena na mbwa amesimama? Maziwa yanafunika tumbo, mawese yanamfungua choo, sumu inatoka. Hapa Ndosho wafugaji wote wanafanya hivyo. Ila nusu lita ni kidogo kwa mbwa wa kilo 25.

#3 Docta_wa_Mifugo (saa 2:31)
#2, hapo naomba tusimame kwanza, maana ushauri huo ndio unaoua mbwa ambao wangepona.

Mbwa asiyesikia akiitwa hana uwezo wa kumeza. Ukimmiminia kitu kinywani, sehemu inaingia kwenye bomba la hewa. Maziwa yakifika mapafuni yanaleta nimonia ndani ya siku moja hadi tatu, na mafuta ni mabaya zaidi kwa sababu mapafu hayawezi kuyasafisha. Halafu sumu nyingi za wadudu zinayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mawese yanaweza kuzisaidia kupenya utumbo haraka. Na maziwa hayabatilishi sumu ya panya ya aina yoyote.

Dakika tano za kwanza ni hivi. Mwondoe mahali alipoangukia, kwa sababu kama hewa ni mbaya au sumu iko chini, kila pumzi inaongeza. Mlaze ubavu wa kulia, shingo imenyooka, kichwa kimeshuka kidogo kuliko kifua ili mate yatoke. Vuta ulimi mbele kwa kitambaa, futa mate na mabaki ya chakula. Hesabu pumzi kwa sekunde 15, zidisha kwa 4: mbwa aliyetulia ana 10 hadi 30 kwa dakika. Weka vidole ndani ya paja, pale mguu unapokutana na tumbo, utasikia mapigo: 60 hadi 100 kwa mbwa mkubwa, hadi 140 kwa mdogo. Kisha inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole gumba mpaka iwe nyeupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri.

Yote hayo yanamalizika ndani ya dakika moja na nusu ukishazoea. Andika namba kwenye simu. Daktari akiuliza "alikuwaje?", namba hizo zinamsaidia kuliko "alikuwa vibaya".

Himbi_Ziwani, waambie wamhesabie pumzi kila saa nne kwa siku tatu. Zikipita 40 akiwa amelala, au akianza kukohoa, ni yale maziwa.

#4 Mawe_Meusi (saa 2:48)
Himbi, shimo, saa kumi na mbili asubuhi, upande wa ziwani. Bandugu, hayo ni mazuku, tusiende mbali.

Hewa ukaa inayotoka ardhini ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia kwenye mabonde na mashimo kama maji kwenye beseni. Usiku hakuna jua wala upepo wa kuichanganya, ndiyo maana alfajiri ndiyo saa mbaya, na saa tano mchana shimo lilelile linaweza kuwa salama. Ukanda unajulikana: Himbi, Keshero, Bulengo, pembeni ya Lac Vert, hadi njia ya Sake. Ikizidi asilimia 10 ya hewa unayovuta, unapoteza fahamu ndani ya dakika chache, na kwenye mazuku yenyewe inapita hapo mbali sana. Pua ya mbwa iko nusu mita kutoka ardhini. Mtu anasimama pembeni yake, kichwa kiko juu ya tabaka la gesi, anaona kila kitu ni sawa. Kisha anainama kumbeba.

Hivyo ndivyo watu wanavyokufa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimfuata aliyemtangulia. Mbwa akianguka shimoni usishuke. Tumia kamba yenye kitanzi, au mti mrefu wenye ndoano, umvute kwa mkanda wa shingo au mguu wa nyuma ukiwa umesimama juu. Akishafika kwenye hewa safi, kama moyo bado unapiga, mara nyingi anazinduka ndani ya dakika kumi hadi thelathini bila dawa yoyote. Sawasawa na huyu wa #1. Mawese yamepewa sifa ambayo ni ya baraza.

#5 Leki_wa_Birere (saa 2:55)
Mawe_Meusi, kwako hata kuku akipiga chafya ni mazuku. 😄 Lakini mate? Gesi inaleta mate kutiririka?

#6 Farmasi_Katindo (saa 3:20)
Swali la Leki ni zuri. Mate mengi yananipeleka kwenye sumu. Sumu nyingi za panya na wadudu zinazouzwa kwa vijipakiti visivyo na jina, unga mweusi au wa kijivu, ni jamii ya kabameti au oganofosfeti. Zinafunga kimeng'enya kinachozima ishara za neva, basi kila tezi inafanya kazi bila kusimama: mate, machozi, mkojo, kuhara, makohozi mapafuni. Misuli inatetemeka chini ya ngozi kama maji yanayochemka. Mboni zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini. Dalili zinaanza dakika chache hadi saa mbili tatu baada ya kula, na mbwa anakufa kwa kuzama ndani ya makohozi yake mwenyewe.

Dawa yake ni atropini, na si vidonge vya tumbo. Kwa sumu ya namna hii ni miligramu 0.2 kwa kilo, robo kwenye mshipa, iliyobaki kwenye msuli. Mbwa wa kilo 25 ni miligramu 5, yaani ampuli tano za miligramu 1. Farmasi nyingi zina mbili tatu tu, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya siku ya shida. Kipimo cha kwamba imetosha ni mapafu kukauka na moyo kutokuwa wa polepole. Mboni zisikudanganye.

Himbi_Ziwani: mboni zilikuwaje? Alijisaidia? Kuna mtu ameweka dawa ya panya karibuni?

#7 Himbi_Ziwani (saa 4:02)
Nimerudi kuuliza. Sentineli anasema macho yalikuwa "meusi makubwa". Alijikojolea, hakuharisha. Jana jioni alikula bugali na vichwa vya sambaza (samaki wadogo). Dawa ya panya: ndiyo, Jumamosi mama wa nyumba ya nyuma aliweka kwenye jikoni lake, vijipunje vya rangi ya bluu, hajui kama vimepungua. Na ndani ya shimo kuna mijusi miwili iliyokufa, nimeiona mwenyewe kutoka juu.

#8 Mawe_Meusi (saa 4:06)
Mijusi miwili. Sina la kuongeza.

#9 Farmasi_Katindo (saa 4:15)
Mijusi inakula wadudu, na wadudu wanakula sumu. Lakini vijipunje vya bluu ni jambo jingine kabisa, na hapa najisahihisha: aina hiyo mara nyingi ni ile inayozuia damu kuganda. Haiangushi mbwa asubuhi moja. Anakula leo, anacheza kesho na keshokutwa, siku ya tatu hadi ya tano ndipo damu inaanza kuvuja ndani: fizi nyeupe, kukohoa damu, kinyesi cheusi, au kilema cha ghafla kwa sababu damu imejaa kwenye kiungo. Jumamosi hadi leo ni siku tatu. Dawa ni vitamini K1, miligramu 2.5 hadi 5 kwa kilo kila siku, kwa mdomo pamoja na chakula chenye mafuta, wiki tatu hadi nne. Watu wanaacha baada ya siku tano kwa sababu mbwa amechangamka, naye anaanza kuvuja upya wiki inayofuata. Sumu hizi mpya zinakaa kwenye ini muda mrefu kuliko dawa.

Na angalia pakiti: kuna pia vijipunje vya aina nyingine vinavyoshambulia ubongo, na hivyo vitamini K haivigusi kabisa. Rangi peke yake haitoshi. Tafuteni pakiti hata kwenye takataka.

#10 Nguba_Bukavu (saa 5:10)
Nawasoma toka Bukavu. Mnasahau jambo la kawaida kuliko yote hayo: kifafa. Dume wa miaka minne, alfajiri, mate, amejikojolea, mboni kubwa, hasikii, kisha anazinduka na kuyumba saa moja au mbili. Hiyo ndiyo picha ya mbwa aliyemaliza degedege kabla ya mtu kumwona. Kifafa cha kurithi kinaanza kati ya miezi sita na miaka sita, na kinapenda saa za usingizi. Sentineli alifika mwishoni.

Akirudia mbele yenu: usimshike, usimtie kijiko kinywani, mbwa hamezi ulimi wake. Ondoa mawe na viti pembeni, zima redio, punguza mwanga, angalia saa. Degedege la dakika mbili linapita lenyewe. Likipita dakika tano, au yakija mawili bila kuzinduka katikati, ubongo unapata joto na mwili unaweza kupita nyuzi 41. Hapo ni daktari mbio. Njiani diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 1 kwa kilo, ikiwa daktari amekuandikia tangu mapema. Ampuli ni miligramu 10 kwenye mililita 2, kwa hiyo kilo 25 ni ampuli mbili na nusu, kwa sirinji isiyo na sindano. Usiijaze sirinji wiki nzima kabla; dawa hii inanata kwenye plastiki na nguvu inapungua. Iache ndani ya ampuli yake.

#11 MamaSimba (saa 5:34)
Aksanti kwa wote. Swali: huyo mbwa alilala wapi usiku? Kama alifungiwa jikoni na mbabula (jiko la makaa) yenye makala ya moto, kuna gesi nyingine, ile ya makala isiyowaka vizuri. Fizi zinakuwa nyekundu kama nyanya badala ya buluu. Na kama moyo ungesimama, wangefanya nini? Nasikia mtu anaweza kumfufua mbwa kwa kumgonga kifua.

#12 Docta_wa_Mifugo (saa 6:20)
MamaSimba, si kumgonga, ni kumbonyeza. Wala usianze kama anapumua au mapigo yapo.

Akiwa hasikii na hapumui, usipoteze zaidi ya sekunde kumi kutafuta mapigo, anza. Ubavu chini, mahali pagumu, sakafu au ubao, kamwe si godoro. Mbwa mwenye kifua cha duara, weka viganja vyako, kimoja juu ya kingine, pale kifua kinapopanda juu zaidi. Mwenye kifua chembamba kilichoshuka chini kama mbwa wa mbio (greyhound), weka juu ya moyo, nyuma ya kiwiko. Bonyeza theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na achia kabisa kila mara ili moyo ujae. Ukiwa peke yako, bonyeza 30, pumzi 2. Pumzi: funga mdomo wake kwa mkono mmoja, puliza puani mpaka uone kifua kinapanda, basi, usizidishe. Mkiwa wawili mbadilishane kila dakika mbili, kwa sababu mikono inachoka kabla mtu hajakubali kwamba amechoka. Hivyo ndivyo unavyosema mwongozo wa madaktari wa mifugo wa kufufua wanyama, RECOVER, wa mwaka 2012, na toleo la 2024 halikubadilisha kasi hiyo.

Mambo mawili yanamzuia mtu kupuliza kwa mdomo: sumu iliyobaki puani, na mbwa ambaye chanjo yake ya kichaa haijulikani. Hapo bonyeza tu bila kupuliza. Ni nusu ya kazi, lakini ni bora kuliko kusimama.

#13 Leki_wa_Birere (saa 6:41)
Mtu akitaka kujua kama shimo lina mazuku si ashushe mshumaa kwa kamba tu? Ukizimika, gesi ipo. Ukiwaka, shuka.

#14 Mawe_Meusi (saa 6:58)
Leki, nusu ya kwanza ni kweli, ya pili itakuua. Mshumaa ukizimika ondoka. Ukiwaka haimaanishi kitu. Kwenye asilimia tano au sita za hewa ukaa mshumaa bado unawaka, na wewe tayari unahema, kichwa kinauma, akili inachanganyikiwa, unasahau kwamba ulitaka kutoka. Kiasi kinabadilika pia ndani ya saa moja upepo ukitulia. Shimo ambalo lina mijusi, panya au ndege waliokufa bila jeraha ni la kuzungushiwa miba na kujazwa mawe. Na OVG (kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma) waambiwe, wao ndio wanaopima.

#15 Mfugaji_Ndosho (saa 8:15 mchana)
Nimekubali kuhusu kumiminia mbwa asiyesikia. Ila mbwa aliye macho, uliyemwona anakula sumu sasa hivi? Huko makala ya kusaga kwenye maji yanafanya kazi. Hilo siliachi.

#16 Farmasi_Katindo (saa 8:44)
Hilo uliache pia, samahani. Makala ya mbabula hayajachomwa kwa namna inayoyapa vitundu vya kunasa sumu. Yanayofaa ni makala amilifu ya farmasi, gramu 1 hadi 2 kwa kilo. Mbwa wa kilo 25 anahitaji angalau gramu 25, na tembe moja ya binadamu ni miligramu 250. Hesabu: tembe mia moja. Anayempa tembe nne amempa rangi nyeusi ya kinyesi tu. Tafuta ya unga kwenye chupa.

Kumtapisha: peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3, mililita 1 kwa kilo, isizidi 45 kwa mbwa yeyote, ndani ya saa mbili tangu ale. Mtembeze. Asipotapika baada ya dakika 15 rudia mara moja tu. Angalia lebo sana, ya saluni ni kali mara kadhaa na inachoma tumbo. Chumvi hapana, inaweza kumuua yenyewe. Wala usimtapishe mbwa aliyelamba petroli, mafuta ya taa, maji ya betri au dawa ya choo: kilichochoma kikiingia kitachoma tena kikitoka, na petroli inaelea hadi mapafuni. Na akishaanza kutetemeka, umechelewa kumtapisha, atapaliwa.

#17 Mfugaji_Ndosho (saa 9:02)
Tembe mia. Sawa, nimekusikia.

Kwa wenye mbwa wakubwa wa kifua kirefu niongeze jambo ambalo halimhusu huyu: tumbo kujipinda. Anajaribu kutapika na hakitoki kitu, povu tu, anazunguka hatulii, ubavu unavimba na ukiupiga kwa kidole unalia kama ngoma. Inatokea saa chache baada ya mlo mkubwa wa mara moja kwa siku, au akiiba unga wa mandazi uliotiwa hamira, maana unaendelea kuumuka tumboni. Usimpe chochote wala usimkande tumbo. Ni upasuaji, na kila saa inayopita tumbo linaoza. Mlo ugawanywe mara mbili, asikimbizwe baada ya kula.

#18 Docta_wa_Mifugo (saa 10:30)
Sahihi, Mfugaji. Sasa kitu ambacho hakijaulizwa toka asubuhi: nani aliingiza mikono kinywani mwa huyo mbwa, na ana chanjo ya kichaa? Mate mengi, kuyumba, kushindwa kumeza, hata degedege, vyote vinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Kuzinduka haraka hivi hakufanani nacho, ila hatubahatishi. Mwenye mkwaruzo hata mdogo aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende kituo cha afya leo aanze chanjo, asisubiri kuona mbwa atafanyaje. Mbwa afungwe peke yake, aangaliwe siku kumi.

#19 Himbi_Ziwani (saa 11:12 jioni)
Kadi yake ya chanjo ni ya mwaka juzi. Kijana mmoja ana mkwaruzo wa jino kwenye kidole, anaosha sasa hivi, mama yake anampeleka. MamaSimba: mbwa alilala nje. Kupe anao, masikioni na kati ya vidole.

#20 Kituku_Bandarini (saa 12:40)
Kuhusu kumfikisha kwa daktari, kwa sababu hapo ndipo mambo yanaharibika. Kwenye moto (pikipiki) usimkunje mapajani mwa abiria kama gunia. Shingo ikijikunja anakosa hewa. Mlaze juu ya ubao au mlango wa zamani, mfunge kwa kitenge kifuani na nyongani, si shingoni wala tumboni. Chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) kwenye barabara ya mawe inamtikisa mno, labda mteremko mfupi. Mbwa mwenye maumivu anauma hata mwenyewe: kanda ya kitambaa, zungushia mdomo, funga nyuma ya masikio. Ila usimfunge mdomo anayetapika, anayehema au asiyesikia. Pigeni simu kabla ya kuondoka, maana kufika na kukuta mlango umefungwa kunakula nusu saa. Na chukueni ushahidi: pakiti, matapishi kwenye mfuko, video ya sekunde 20.

#21 Himbi_Ziwani (Alhamisi, saa 2:18 asubuhi)
Ninarudi. Shimo lilijazwa jana, lori moja la mawe. Kijana ameanza sindano. Mbwa: pumzi 24, hakohoi. Pakiti ya bluu haikupatikana. Lakini leo hajagusa bugali, na mkojo wa asubuhi umekuwa rangi ya chai kavu. Nimeukinga kwenye chupa ya plastiki safi.

#22 Farmasi_Katindo (saa 2:25)
Siku ya tano tangu Jumamosi. Vitamini K1 ianze leo hata kabla ya majibu, kwa mdomo, si sindano ya msuli kwa mbwa ambaye huenda anavuja damu.

#23 Mfugaji_Ndosho (saa 2:33)
Kupe masikioni, hataki kula, mkojo wa chai: hiyo ni homa ya kupe. Mpeni ile dawa ya ng'ombe ya pakiti ya unga wa njano.

#24 Docta_wa_Mifugo (saa 2:50)
Msimpe, tafadhali. Kipimo cha diminazini, ndiyo hiyo dawa ya njano, kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja. Huyu ni miligramu 87 tu. Pakiti moja ya ng'ombe ina gramu 1.05, inatosha mnyama wa kilo 300. Ukiichanganya kwa macho utampa mara mbili au tatu, na ikizidi inapiga ubongo siku moja au mbili baadaye: shingo inapinda nyuma, macho yanacheza, harudi. Dawa nyingine, imidokabu, ni salama zaidi kwa homa ya kupe, ila nayo inafunga kimeng'enya kilekile alichokitaja Farmasi kwenye #6. Kama Jumanne ilikuwa kabameti, kuna hatari ya kuirudisha. Kwa hiyo kwanza damu chini ya mikroskopu, tone kutoka ncha ya sikio.

Wakati mnajiandaa, fanyeni hivi. Mimina mkojo kwenye chupa nyembamba inayoonyesha, isimamishe wima bila kuitikisa, saa moja. Wekundu ukizama chini na juu pakawa njano safi, ni damu nzima, inavuja mahali. Ukibaki rangi ya chai kutoka juu hadi chini, chembe za damu zinapasuka ndani ya mishipa, na hiyo ni kazi ya homa ya kupe. Pimeni pia joto kwa termometa ya haja kubwa: kawaida ni 38 hadi 39.2.

#25 Mawe_Meusi (saa 3:05)
Bado nasema Jumanne ilikuwa mazuku. Mbwa mwenye upungufu wa damu ndiye anayeanguka haraka zaidi kwenye hewa chafu. Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mbwa mmoja.

#26 Nguba_Bukavu (saa 3:11)
Na degedege linaweza kutokana na yote mawili. Pima sukari pia akifika.

#27 Himbi_Ziwani (saa 4:20)
Joto 39.9. Fizi zimepauka, rangi inarudi baada ya sekunde mbili na zaidi kidogo. Chupa imesimama saa moja na dakika kumi: chini kuna utando mwembamba mwekundu, kama unene wa ukucha. Juu yake pote bado ni chai.

#28 Docta_wa_Mifugo (saa 4:24)
Njooni sasa, msingoje mchana. Ubao, kitenge, chupa ileile na kupe wawili kwenye kikopo. Nitachukua damu kwenye tubu ya kioo isiyo na dawa. Ikipita robo saa bado ni majimaji, Farmasi ana haki, ni sumu ya panya, na ikiganda naingia kwenye mikroskopu. Mdomo msiufunge, anahitaji kuhema.

#29 Himbi_Ziwani (saa 4:26)
Tuko njiani.